Usiionee Huruma Jenista

Kabla hata sijawaambia jina langu, shikeni hili: jenista haionewi huruma. Ukiikuta imejikunyata kwenye baridi ya Novemba, majani yamelala, matawi yamekuwa kama nyuzi, pita. Usiifunike shali yako. Usiibebe kifuani kama mtoto ukaipeleka penye joto. Mwenye huruma nyingi katika kazi yetu hupata majani tu, na Pasaka ikifika, wateja wanataka maua, anasimama mbele ya patroni, mwenye biashara, na chungu cha kijani anajieleza.

Bon. Mimi ni Mama Neema wa Newburg, hapa Louisville. Nimeacha kazi kwa sababu ya magoti, siyo kwa sababu ya uvivu, na atakayesema vinginevyo aje tushindane kubeba mifuko ya udongo. Nyinyi mnaoanza kule Jeffersontown kwenye grinihausi, ile nyumba ya kukuzia maua, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nitawaandikia. Lakini sitayapanga kama mwalimu, nitayasema yanavyokuja. Na wewe unayesoma huku unaangalia simu nyingine, nakuona.

Kwa wale ambao bado hamjaiona: jenista ni kichaka. Matawi yake ni mengi, membamba, yamesimama pamoja kama ufagio uliopinduliwa. Majani ni madogo kuliko ukucha. Ikichanua huoni tawi wala jani, ni manjano matupu, ua dogo lenye umbo la ua la maharage, na harufu yake tamu inaingia mpaka kwenye mkate wako wa saa sita. Asili yake ni pwani kavu za mbali, visiwa na miamba ya bahari ambako mvua ni mgeni. Huko watu walifagilia nyumba kwa matawi ya ndugu zake.

Hilo la kufagilia sikuambiwa na mtu. Siku yangu ya kwanza ya kupogoa nikaona matawi yaliyoanguka chini, na mikono yangu yenyewe ikayakusanya, ikayafunga kamba, nikaanza kufagia. Patroni alikuwa amenipa ufagio mzuri wa plastiki. Akasimama mlangoni, akauangalia wake, akauangalia wangu, akaondoka. Wiki ile ile nikaukuta ufagio wangu umesimama ofisini kwake, ncha zimeisha nusu.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Senada, Mbosnia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mkuu wa jeshi. Naye alikuja Louisville akikimbia vita, miaka mingi kabla yetu. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kilikuwa kibovu zaidi, donc tulielewana sana. Kwao, alisema, kichaka hiki kina binamu kinachojiotea mwituni kwenye mawe juu ya bahari, na jua la kiangazi likikaza unasikia maganda ya mbegu yanapasuka, ta, ta, ta, kama mtu anakaanga bisi. Akisema hivyo alikuwa anafumba macho kidogo. Halafu anayafungua na kunikaripia kwa maji niliyomwaga.

Maji ndiyo yaliyowafukuza wengi kazi. Mtu anaona mmea, anafikiri upendo ni kumwagilia. Jenista haitaki miguu iliyolowa, lakini pia ukiisahau ikakauka kabisa kwenye chungu inaangusha majani yote siku moja, imekununia. Usichungulie udongo, udongo wa juu ni mwongo. Nyanyua chungu. Mama Senada aliapa kwamba nisingeweza kujifunza kabla ya majira mawili. Mimi nikajua ndani ya wiki, kwa sababu nilikuwa nimekua nikisuka maziwa kwenye kibuyu huko milimani kwetu, juu ya mji wa Uvira, na msukaji haoni ndani ya kibuyu. Anajua kwa uzito na kwa mtikisiko kama siagi imekuja au bado. Chungu cha jenista ni hivyo hivyo. Nikawa nanyanyua, "hiki bado," nanyanyua, "hiki tayari." Mama Senada akawa ananipita akijaribu vile nilivyovikataa, apate kosa. Hakupata, na siku hiyo akanigawia chakula chake.

Sasa nisijisifu sana, kwa sababu kwenye baridi nilikuwa mjinga mtupu. Jioni ya kwanza ya jalidi, nilimaliza shifti nikakuta vyungu vya jenista vimewekwa kwenye ile nyumba ya plastiki isiyo na moto, feni zinavuta upepo wa nje. Nikashikwa na uchungu wa kweli. Sisi watu wa mifugo, huko milimani usiku una meno, na ndama mchanga halali nje. Ndama analala ndani ya nyumba, karibu na moto, pamoja na watoto. Mimi nimelala na ndama wengi kuliko nyinyi mlivyolala na mito. Donc nikachukua jenista mbili, moja kila mkono, nikaanza kuelekea nyumba yenye hita. Mama Senada akanikuta mlangoni.

"Unakwenda wapi na hizo?"

"Zinasikia baridi."

"Ndiyo," akasema. "Ni kazi yake, kusikia baridi. Rudisha."

Nilirudisha nikimwona mkatili. Alinieleza taratibu, kwa vidole zaidi kuliko maneno: baridi ya friji, siyo ya friza. Wiki nyingi. Ndani ya baridi hiyo, kwenye ncha za matawi, vinaanza vichwa vya maua, vidogo kama punje za mtama. Bila baridi hakuna kitu. Mmea unanenepa, unapendeza, unakudanganya. Na ukishapata vichwa usikurupuke kuupeleka kwenye joto kali, utaviangusha vyote. Unausogeza kidogo kidogo, kama mtu anayeamshwa na mama yake, siyo na polisi.

Haya yote yalikuwa kazi tu, mpaka yakaingia nyumbani kwangu. Hiyo ndiyo habari niliyotaka kuwapa.

Ni miaka ile ya elfu mbili kumi na nne, kumi na tano. Binti yangu Neema alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee hapa Louisville. Kwenye mkutano wa kwaya akakutana na Espoir, kijana wa watu wetu kabisa, wanaokaa Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey. Anafanya kazi kiwandani, anapiga gitaa kanisani, anakula ugali bila kulalamika. Nilimpenda siku aliponioshea vyombo bila kuambiwa.

Baba yake Neema alitutoka tukiwa kwenye kambi ya wakimbizi. Kwa hiyo mwenye neno juu ya msichana alikuwa kaka wa marehemu, shemeji yangu Muhizi, anayekaa Columbus. Nyinyi mnamjua kama mzee anayesinzia kwenye ibada. Zamani zile alikuwa hasinzii. Huko milimani alikuwa na kundi la ng'ombe aliowajua mmoja mmoja kwa jina na kwa majina ya mama zao. Vita vilimwacha na fimbo tu. Columbus alikuwa anafunga maboksi kwenye ghala, na kwenye mapumziko anaangalia video za ng'ombe wa watu wengine kwenye simu.

Watu wa Espoir wakaja Columbus kuomba, kwa adabu zote, na soda, na mikate, na bahasha. Shemeji akaisukuma bahasha ikarudi katikati ya meza.

"Feza haizalake," akasema, yaani pesa haizai.

Baba Espoir, mtu mpole, akajaribu. "Mzee wetu, tuko America. Ng'ombe tutamuweka wapi? Kwenye Bailey Avenue?"

"Sijui. Mimi sikuomba kuja America." Akanywa soda yake. "Ndugu yangu aliacha mtoto mmoja msichana. Siwezi kumtoa kwa makaratasi. Leteni kitu chenye uhai, kinachozaa. Nikione. Nikizunguke. Bila hiyo, mimi sina neno la kusema, na harusi itafanyika bila mimi."

Mnajua maana yake, bila baba mkubwa kusimama, ni kama msichana ametoroka. Neema alikuwa jikoni, anasikia kila kitu. Akaniambia kwa Kiingereza chao cha haraka kwamba basi wataandikishana mahakamani na mambo yameisha. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa, na alikuwa amevaa kitenge alichonunua kwa siku ile. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: siku mwanangu anaondoka, asimame mtu wa damu ya baba yake aseme, "Nendeni na baraka." Nilikuwa tayari kumlilia shemeji magotini, na magoti yalikuwa bado mazima.

Mdomo wangu ukasema wenyewe. "Shemeji, mimi nina kitu kinachozaa."

Nikamweleza jenista. Kwamba ukikata tawi changa majira ya joto, na kisigino kidogo cha gome la mama yake, ukalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, linatoa mizizi. Kwamba mama mmoja hutoa watoto wengi kila mwaka, na watoto wana watoto. Shemeji akanisikiliza kama anavyosikiliza mahubiri marefu.

"Ng'ombe wanaweza kuikula?"

"Hapana. Ina sumu."

"Donc ni ng'ombe ambaye ng'ombe hamtaki." Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo, na mimi nikajua mlango umefunguka. Akafikiri. Kisha akaweka masharti yake, na mzee akiweka masharti amekubali kukaa mezani. Watu wa Buffalo wachukue jenista wawili. Wawalee wenyewe, majira yote, mpaka Pasaka ya mwaka unaofuata, tuone kama wanajua kulea, maana ndiko anakokwenda msichana. Siku ya harusi wamlete mmoja akiwa na maua. "Ng'ombe wa mahari haletwi mkavu," akasema. Kisha akamgeukia Espoir. "Ukileta majani, unarudi na majani yako."

Patroni alinipa jenista mbili zilizobaki baada ya Pasaka, ambazo vinginevyo zingekwenda kwenye lundo la mboji. Nikazipogoa mbele ya Espoir. Hapa sikilizeni: makasi ni mara tu maua yakiisha, na kiangazi kikianza kuelekea mwisho makasi yanawekwa kabatini. Ukikata baada ya hapo unakata maua ya mwaka unaokuja. Nikamwambia mambo ya maji, mambo ya kunyanyua chungu, na baridi. Nyumba yao Buffalo ilikuwa ya zamani, ya mbao, na mbele ina kibaraza kilichozibwa vioo. Ukuta mmoja ni wa sebule. Maji ya ndoo humo hupata ngozi ya barafu lakini hayagandi mpaka chini. Hata kwa patroni hatukuwa na mahali pazuri hivyo. Nikamwambia, "Zikae hapo kuanzia majani ya miti yakianguka. Usiziingize ndani hata mtu akulilie." Espoir akaitikia, "Ndiyo, mama." Kosa lake ni kwamba alikuwa anafanya shifti ya pili, na mchana nyumba ilikuwa chini ya mama yake.

Mama Espoir ni mwanamke wa milimani kama mimi. Sihitaji kuendelea, mmeshaelewa.

Alikuwa ananitumia picha. Oktoba, picha. Novemba, picha na sala. Jenista inang'aa, imenenepa, kijani cha kupendeza kabisa. "Tazama ndama yetu vile inanenepa, mukwe," ananiambia kwa sauti kwenye simu. Mimi nafurahi, nawaonyesha wenzangu kazini. Mama Senada ndiye aliyeishika simu yangu, akaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaniuliza swali moja.

"Hii nyuma ni nini?"

Nyuma ya jenista kulikuwa na pazia. Chini ya pazia, hita ya ukutani. Na pembeni, kwenye kapeti, mtu alikuwa ameiwekea kijiblanketi.

Ilikuwa tayari mwisho wa Januari. Nikapiga simu Buffalo. Mama Espoir akanieleza bila wasiwasi wowote: mwanzoni walikaa wote wawili kibarazani, lakini theluji ilipoanza akawa hapati usingizi. Yule mzuri akamwingiza ndani. Espoir alilalamika, akamwambia, "Wewe ulilala na ndama mpaka una miaka mitatu, hawakukufundisha kitu?" Na yule wa pili? Yule wa pili alikuwa mnyonge tangu zamani, ameshakauka, yeye amemwacha tu apumzike. Mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini nani atamwambia mama mkwe wa binti yake maneno hayo kwenye simu? Nikasema nitakuja kuwasalimia.

Na hapa Mungu ana mzaha. Basi la Louisville kwenda Buffalo linapita Columbus, na mimi, kwa heshima, nilimpigia shemeji kumwambia nitapita mjini kwake. Akasema, "Bon, na mimi nakuja. Nataka kumuona ng'ombe." Safari nzima kutoka Columbus alikaa dirishani akiniuliza mambo ya jenista, na mimi namjibu kama mtu anayeelezea afya ya mgonjwa aliyekwisha kufa. Alikuwa amevaa koti zuri. Alikuwa amebeba fimbo yake. Nilikuwa sijamwona amechangamka hivyo tangu tufike nchi hii, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Buffalo theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha. Espoir alitupokea kituoni, uso umempauka, akaninong'oneza, "Mama, nisamehe, nilishindwa na mama yangu." Nikamwambia hata mimi ningeshindwa na mama yake. Tukafika, tukapita kibarazani tukikung'uta theluji, tukaingia ndani. Ndani kulikuwa na joto la kuivisha ndizi. Mama Espoir alikuwa amepika wali, maharage, nyama, sombe ya majani ya muhogo, na katikati ya sebule, juu ya kimeza chenye kitambaa cha kufuma, amesimama ndama wake.

Wanangu, ilikuwa nzuri. Sijawahi kuona jenista ya kijani namna ile. Nikaiinamia nikashika ncha ya tawi, nikatafuta punje za mtama. Ncha ya pili. Ya tatu. Laini kote. Ilikuwa tasa.

Mama Espoir ananitazama kwa tabasamu, anasubiri sifa. Shemeji ameegemea fimbo, anasubiri neno langu. Neema hakuwepo lakini nilikuwa namsikia kama siku ile jikoni kule Columbus. Nikafungua mdomo, na sikujua utatoka uongo gani.

Shemeji akasema, "Humu ndani kuna moto sana. Naenda kupumua." Akatoka kibarazani. Nikafikiri ameshajua, ameondoka kwa hasira. Mama Espoir akaanza kuona uso wangu, na tabasamu lake likapungua. Nikamshika mkono, nikamwambia taratibu yale niliyoambiwa na Mama Senada, kwamba hawa siyo kama ndama wetu, hawa baridi ndiyo chakula chao. Akakaa kwenye kiti. Akasema, "Nimeua harusi ya mtoto wangu." Na akaanza kulia, mwanamke mzima, aproni usoni.

Mlango ukafunguka. Shemeji akaingiza kichwa tu, kofia ina theluji.

"Ile mwembamba muliacha kwa baridi," akasema, "iko na mimba."

Tukatoka wote, Mama Espoir na soksi zake. Nyuma ya koleo la theluji, katikati ya viatu, kulikuwa na yule wa pili, mnyonge, aliyekonda, majani nusu yameanguka. Kinywaji chake chote kilikuwa theluji ya koti la Baba Espoir, analolikung'utia hapo kila jioni. Shemeji alikuwa amepiga goti moja. Hakuwa amewahi kushika jenista maishani, lakini alikuwa ameshika tawi kwa vidole viwili, chini kwenda juu, kama nilivyokuwa namuona zamani akipapasa tumbo la ng'ombe. Kila ncha ilikuwa imejaa. Punje, punje, punje. Nilizihesabu tawi moja nikaacha, kwa sababu nilikuwa nacheka.

"Ulijuaje, shemeji?" nikamuuliza.

"Mwenye mimba anakaa vile," akasema. "Anakonda usoni na ananyamaza."

Nilikaa siku chache kuwaonyesha namna ya kumsogeza: kwanza karibu na mlango, kisha dirisha la chumba kisichowashwa hita, mwanga mwingi, joto kidogo, maji kwa uzito. Yule mnene tukampeleka kibarazani aonje dunia. Alichanua mwezi wa sita, kwa kuchelewa kama mtu wa kwaya yetu, na Neema aliyaona maua yake akiwa tayari mama wa nyumba hiyo. Na shemeji, tangu siku ile, hakutaka kusikia habari za video. Alirudi Columbus akaanza kuniuliza mchanga gani, visigino vya namna gani. Leo dirishani kwake kuna wajukuu wa yule mwembamba, kila mmoja na jina, na mmoja wao shemeji alimrudisha Buffalo siku Neema alipojifungua, kama desturi yetu ya kurudisha ndama wa ng'ombe wa mahari inavyotaka. Lakini nimeruka mbele. Rudini Pasaka.

Watu wa Buffalo walikuja kwa gari mbili. Espoir alikumbuka somo la joto kali, kwamba maua yaliyofunguka yakipigwa na hita ya gari yanaanguka. Kwa hiyo kutoka Buffalo mpaka Columbus, na kutoka Columbus mpaka hapa Louisville, alizima hita na kushusha vioo kidogo. Wakwe zangu walishuka mbele ya ukumbi wa kanisa wamevaa makoti ya theluji, kofia, glavu, midomo imekakamaa, wakati sisi tumesimama tumevaa vitenge na viatu vya wazi. Baba Espoir hakuweza kutamka salamu vizuri. Lakini katikati yao, amefungwa mkanda wa kiti cha mtoto, alikuwa ameketi ndama, manjano kuanzia juu mpaka chini, na harufu yake ikatoka kabla yao.

Wakamweka katikati ya ukumbi. Shemeji akasimama na fimbo yake, akamzunguka. Akamzunguka tena upande wa pili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akaanza kumsifu, kwa lugha ya nyumbani, yale maneno marefu ya kumsifu ng'ombe, ambayo hakuwa ameyasema tangu siku alipoacha kundi lake. Sauti ilianza ndogo. Wazee wakainua vichwa. Vijana hamkuelewa neno, lakini mlizima simu, na kwa ajili ya hilo nimewasamehe mengi. Nililia waziwazi na sikujificha.

Alipomaliza akafuta uso kwa kofia. Akauliza, kwa sauti ya baraza, "Nani alimlaza huyu kwenye baridi?"

Mama Espoir akasimama. Alikuwa bado na koti lake. "Ni mimi, mzee. Sikumlaza. Nilimsahau."

"Ulimsahau," shemeji akasema. "Na Mungu akakusaidia." Akamwita Neema kwa mkono, Neema akaja, akamshika bega. "Bon. Ng'ombe nimemuona, nimemkubali. Tunawapa msichana wetu, na muende na baraka. Lakini huyu hakuna kumsahau."

Mama Espoir alivua lile koti la Buffalo, taratibu, kifungo kwa kifungo, akalipeleka mpaka kwa mwanangu, akamfunika nalo mabegani juu ya kitenge chake chote cha harusi, siku ya jua, ukumbi mzima unatazama.

"Huyu," akasema, "atalala ndani."